Nani Ana Haki ya Kusema Hatari Ni Ndogo?

Mhandisi anapotia saini waraka unaosema kwamba mtambo fulani ni salama, anatuambia nini hasa? Hatuambii kwamba mtambo huo hautavunjika, kwa kuwa hakuna kilichojengwa na binadamu kisichoweza kuvunjika. Anatuambia kwamba uwezekano wa kuvunjika ni mdogo kiasi cha kuvumilika. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo, yaani udogo wa uwezekano, ni ya kisayansi, na sisi tusiosoma uhandisi hatuna budi kuwaachia wenye fani yao. Sehemu ya pili, ile ya kuvumilika, haipatikani kwa kipimo chochote cha maabara. Ni hukumu ya kimaadili. Katika insha hii nauliza ni nani mwenye haki ya kutoa hukumu hiyo, na kwa masharti gani. Nitaanza na mitambo ya mafuta baharini, ambako watu wengi walikufa kabla swali hili halijachukuliwa kwa uzito, kisha nitakuja kwetu, kwenye Ziwa Kivu.

Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa liitwalo Alexander L. Kielland lilipinduka katika eneo la mafuta la Ekofisk, Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Lilikuwa jukwaa linaloelea, nalo lilitumika kama bweni la wafanyakazi. Ndani yake walikuwamo watu 212, na kati yao 123 walifariki. Wachunguzi walipofuatilia chanzo, walifika kwenye ufa mdogo. Ufa huo ulianzia mahali ambapo kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini kilikuwa kimechomelewa kwenye mojawapo ya nguzo za kuunganisha miguu ya jukwaa. Kishikizo hicho hakikuhesabiwa kuwa kitu cha kubeba uzito, kwa hiyo uchomeleaji wake haukutazamwa kwa jicho kali. Mawimbi yaliipinda na kuinyoosha nguzo hiyo bila kukoma, ufa ukakua kidogo kidogo, hadi jioni ile ya dhoruba nguzo ikakatika, nyingine zikafuata, na mguu mmoja kati ya mitano ukang'oka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii inachukulia kwamba ufa unaonekana na kwamba mwenye nyumba ameuona akapuuza. Katika Kielland hali ilikuwa nyingine. Ufa haukuonekana kwa sababu kuna mtu aliyekwisha kuamua, kitambo, kwamba pale si mahali pa kutazama. Kila tathmini ya hatari ina uamuzi wa namna hii ndani yake. Kabla ya kupima, mtu huchagua cha kupima, na uchaguzi huo hauandikwi katika jedwali la matokeo.

Miaka minane baadaye, tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la Piper Alpha liliungua katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti, na watu 167 wakapoteza maisha. Hapa tatizo halikuanzia kwenye chuma kilichochoka. Pampu moja ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo na vali yake ya usalama kuondolewa. Karatasi ya kibali iliyoeleza kwamba vali haipo haikuwafikia mafundi wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipozimika, wakaiwasha ile ya kwanza, gesi ikavuja na kulipuka. Baya zaidi ni kwamba majukwaa mawili jirani, Tartan na Claymore, yaliendelea kwa muda kusukuma mafuta na gesi kwenye mabomba yaliyounganishwa na Piper Alpha, ingawa moto ulikwisha kuonekana. Kuzima uzalishaji kulikuwa na gharama kubwa, na waliokuwa karibu na swichi hawakujiona kuwa na mamlaka kamili ya kuibonyeza.

Uchunguzi ulioongozwa na jaji Lord Cullen ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990. Mawili kati ya mabadiliko yaliyofuata yana uzito wa kimaadili. Kwanza, mwenye jukwaa alitakiwa kuandika na kutetea hoja kamili ya kuonyesha kwamba jukwaa lake ni salama. Haikutosha tena kutimiza orodha ya masharti na kungoja mkaguzi. Pili, usimamizi wa usalama uliondolewa katika wizara iliyokuwa pia inahimiza uzalishaji wa mafuta, ukapewa chombo kingine. Uingereza ilikubali kwamba mtu yule yule hawezi kuwa mchuuzi na mpima mizani kwa wakati mmoja.

Mwenzangu anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini Rwanda, nchi isiyo na bahari wala kisima cha mafuta? Yanatuhusu kwa sababu na sisi tunayo majukwaa yetu majini. Upande wa Karongi, kilomita kadhaa kutoka ufukweni, linaelea jukwaa la mradi wa KivuWatt linalovuta gesi ya methani kutoka vilindi vya Ziwa Kivu. Gesi hiyo hupitishwa kwenye bomba hadi nchi kavu na kuendesha injini zenye uwezo wa megawati 26. Mradi huo ulizinduliwa rasmi mwaka 2016. Mwingine mkubwa zaidi, wa megawati 56, umejengwa upande wa Rubavu. Hata kabla ya hapo, tangu miaka ya 1960, gesi kidogo ya ziwa hilo ilitumika katika kiwanda cha bia karibu na Gisenyi.

Kati ya Kivu na Bahari ya Kaskazini kuna tofauti ambayo inabadilisha swali lote. Baharini, kinachohofiwa kuvunjika ni chuma. Kwenye Kivu, muundo unaohitaji kulindwa kuliko wote ni maji yenyewe. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 485. Maji ya chini ni mazito kuliko ya juu kwa sababu yamebeba chumvi na kaboni dayoksaidi, hivyo hayapandi wala kuchanganyika na ya juu. Katika tabaka hizo za chini zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Uzito wa maji yaliyo juu ndio unaozibana gesi hizo zisitoke, kama kizibo kinavyobana gesi ndani ya chupa ya soda. Tabaka zikivurugika kwa nguvu ya kutosha, gesi inaweza kufumuka.

Jambo hili si la kufikirika tu. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa wingu la kaboni dayoksaidi usiku, likashuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya mifugo. Nyos ni ziwa dogo, lenye eneo la takriban kilomita moja na nusu za mraba. Kivu lina zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na kando yake wanaishi watu wapatao milioni mbili, katika Rubavu, Karongi na Rusizi upande wetu, na Goma, Bukavu na kisiwa cha Idjwi upande wa Kongo.

Kutokana na hali hiyo, uvunaji wa methani una sheria zake. Maji huvutwa kutoka kina cha mita 350 hivi, gesi hutenganishwa, na maji yaliyobaki hurudishwa ziwani. Yakirudishwa juu mno, au yakiwa na uzito usiolingana na tabaka yanamoingia, yanaweza kudhoofisha ule mpangilio unaotulinda. Mwaka 2009 wataalamu waliandaa mwongozo wa uvunaji ambao shabaha yake kuu ni kulinda tabaka hizo. Hata hivyo wataalamu wenyewe wamebishana kuhusu kina kinachofaa kurudishia maji. Wote wamesoma, wote wana vipimo, na bado hawakubaliani.

Mimi ninaishi Batsinda, kaskazini ya Kigali. Kutoka hapa hadi Karongi kwa barabara ni zaidi ya kilomita mia moja. Siwezi kusema taa ninayosomea inatokana na methani, kwa kuwa umeme ukishaingia kwenye gridi huchanganyika, wa maji, wa gesi na wa jua. Lakini siwezi pia kusema kwamba hautokani nayo. Wanafunzi wa mtaa wetu tunasoma usiku, kinyozi wa kona ya pili anafanya kazi hadi saa tatu, na mama anayeuza maziwa ana jokofu. Ziwa likipata madhara, wingu la gesi halitapanda milima hadi kutufikia. Sisi tunapata mwanga, na watu wa ufukweni wanabeba uwezekano wa kifo. Wao pia wanapata umeme, ni kweli, lakini fungu letu la faida halina fungu la hatari ndani yake.

Wapo wanaosema hili si tatizo, mradi hesabu ni sahihi. Chukua uwezekano wa maafa, zidisha kwa idadi ya watakaokufa, linganisha na faida. Kama faida ni kubwa, endelea. Hoja hii haifai kudharauliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika wilaya za magharibi kama Rubavu, Rutsiro, Karongi na Ngororero. Miongoni mwa hao wamo watu wale wale wa kando ya Kivu. Mtu anayeishi kwenye mteremko mkali, katika nyumba ya udongo, anakabiliwa na hatari ya karibu zaidi kuliko ile ya ziwa kufumuka. Ikiwa umeme na kodi ya methani vinaweza kumsaidia kupata nyumba imara, barabara na zahanati, basi kumnyima kwa jina la usalama kunaweza kuwa ukatili uliovaa joho la huruma.

Nakubali uzito wa hoja hiyo, ila naona inaruka hatua moja. Kuzidisha kunatupa jumla, na ndani ya jumla watu hupotea. Watu kumi wanaojihatarisha kwa faida yao wenyewe na watu kumi wanaohatarishwa kwa faida ya wengine wanatoa jawabu lile lile la hesabu, ingawa kimaadili ni mambo mawili tofauti kabisa. John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba tuchague kanuni za jamii kana kwamba hatujui tutakuwa nani ndani yake. Nikijaribu zoezi hilo hapa, najiuliza: ningeikubali tathmini ya Kivu kama nisingejua kwamba nitazaliwa Batsinda, na huenda nikazaliwa Goma? Naamini ningeikubali, lakini ningetaka kwanza kujua ni nani aliyeiandika na nani awezaye kuipinga.

Hoja nyingine ni ya wale wanaosema tuliache ziwa kama Mungu alivyoliumba. Kwa jukwaa la mafuta, ushauri wa kuacha una maana iliyo wazi: usipochimba, jukwaa halipo, na hatari yake haipo. Kwa Kivu haiko hivyo. Gesi ipo tayari, na volkano ipo tayari. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka, lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena, na siku chache baadaye watu laki kadhaa walitakiwa kuuhama mji, kwa hofu kwamba magma ilikuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Mara zote mbili tabaka za ziwa zilistahimili. Kwa hiyo anayeacha kuvuna naye anafanya uamuzi juu ya maisha ya watu milioni mbili. Kuivuna gesi kwa uangalifu kunaweza kupunguza shinikizo. Kuivuna kwa pupa kunaweza kuharibu kinga. Hakuna upande ambao mtu anaweza kukaa akasema mikono yake ni misafi.

Sayansi yenyewe inatufundisha unyenyekevu katika jambo hili. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba methani ziwani imeongezeka kwa takriban asilimia 15 katika miongo mitatu. Wengi walisoma hapo kwamba muda unatuishia na kwamba ni lazima kuvuna haraka. Vipimo vipya vilivyochapishwa mwaka 2020 havikuonyesha ongezeko la maana. Simlaumu mtafiti yeyote. Hivyo ndivyo elimu inavyosonga mbele. Ninachosema ni kwamba tathmini ya hatari hubadilika, ilhali waliokwisha kujenga nyumba, kuzaa watoto na kuzika wazazi wao kando ya maji hawawezi kubadilika kila mara takwimu inapobadilika. Wanastahili kuambiwa mabadiliko hayo, kwa lugha wanayoielewa.

Basi tathmini ya hatari inapata wapi haki ya kusema kwamba hatari fulani inavumilika? Naona masharti matatu.

Sharti la kwanza ni kwamba mpimaji asiwe mwenye faida. Hilo ndilo funzo lililobadilisha usimamizi baada ya Piper Alpha. Kwa upande wetu, ufuatiliaji wa ziwa umewekwa chini ya mamlaka ya mazingira, REMA, ambayo haiuzi umeme. Naona huo ni mpangilio wa busara, na unapaswa kulindwa kwa bajeti ya kutosha na kwa uhuru wa kusema jambo lisilopendeza.

Sharti la pili ni kwamba wanaobeba hatari waweze kuihoji tathmini. Hapa nakutana na pingamizi la kawaida: mvuvi wa Idjwi atajua nini kuhusu uzito wa maji kwenye kina cha mita 250? Labda hajui hilo. Lakini anajua mambo mengine. Katika eneo la Goma na ufuko wa kaskazini, kuna mahali pa bondeni ambapo kaboni dayoksaidi hujikusanya na kuua mifugo na watu. Wenyeji hupaita mazuku. Wanasayansi wa dunia nzima leo wanalitumia neno hilo katika makala zao, kwa sababu wenyeji walilijua jambo lenyewe na kulipa jina kabla ya wataalamu kufika na vipimo. Watu waliozipa jina gesi zinazoua si watu wa kuambiwa kwamba suala la gesi limewazidi kimo. Mwongozo wa ziwa, matokeo ya vipimo na mpango wa kuhama wakati wa dharura vinapaswa kupatikana kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, pande zote mbili za mpaka, kwa maneno ambayo mama wa sokoni Gisenyi anaweza kuyauliza maswali. Hapa ndipo sisi tunaosoma Kiswahili tunapopata kazi. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu mwaka 2017, na ni lugha ya mitaa ya Goma na Bukavu. Kama hakitatumika kueleza hatari inayotukabili kwa pamoja, kitabaki lugha ya mitihani.

Kuulizwa si jambo dogo. Hapa Batsinda, familia nyingi za mwanzo zilihamishiwa mwaka 2008 kutoka Kiyovu, ile iliyoitwa ya maskini. Kutokana na mazungumzo ya wazee wa mtaa nimejifunza kwamba mtu anaweza kukiri kwamba makazi mapya yana maji na umeme, na bado akakumbuka kwa miaka mingi kama aliulizwa au aliambiwa tu. Faida haijibu swali la ridhaa. Yanakwenda pamoja, na kila moja linadai jibu lake.

Sharti la tatu ni kwamba awepo mtu anayejulikana, mwenye mamlaka ya kusimamisha. Tathmini inayosema mtambo ni salama bila kutaja ni dalili gani itakayotufanya tuuzime, na nani atakayeuzima, ni nusu ya tathmini. Katika usiku wa Piper Alpha, majukwaa jirani yalikuwa na swichi. Kilichokosekana ni mtu aliyejua kwamba hataadhibiwa kwa kuibonyeza. Kwenye Kivu suala hili ni gumu zaidi, kwa kuwa ziwa ni moja na nchi ni mbili. Mwaka 2022 Kongo nayo ilitangaza zabuni za vitalu vitatu vya gesi ziwani humo. Tabaka za maji haziujui mpaka. Upande mmoja ukigundua kwamba maji yanavurugika, utamwambia nani, kwa njia gani, na je, mwenzake atazima? Najua uhusiano wa serikali zetu umepita vipindi vigumu. Ila naona swali hili lisisubiri siasa zitulie, kwa sababu gesi haisubiri.

Mtu anaweza kusema masharti haya yanachelewesha maendeleo. Yanachelewesha kidogo, nakiri. Hata hivyo ucheleweshaji huo una thamani, kwa kuwa ndio muda ambao mtu wa ufukweni anapata kuuliza na mtaalamu anapata kugundua ni wapi hakutazama. Kielland ilikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna aliyetazama.

Jawabu langu, basi, ni hili: hakuna mtu mmoja, awe mhandisi, waziri au mwekezaji, mwenye haki ya kusema peke yake kwamba hatari ni ndogo. Mhandisi ana haki ya kusema uwezekano ni kiasi gani. Neno "inavumilika" ni la wale watakaoivumilia, baada ya kuelezwa na kuuliza, wakiwa na hakika kwamba yupo atakayesimamisha mambo yakiharibika. Na sisi tulio mbali, tunaofaidi bila kuhatarika, hatuna ruhusa ya kunyamaza kwa kisingizio kwamba hatuhusiki. Kwa kuwa hesabu hiyo inatupendelea, ni wajibu wetu kuwa wa kwanza kuuliza kama inawatendea haki wengine.